Mgeni Aonje, Asitazame Tu



Mgeni wa ng'ambo aliyelala Malindi huvuka daraja la Sabaki kuja kwetu Magarini. Huko Mambrui huonyeshwa kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya Kichina. Mwaka 2010 wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua Mambrui sarafu iliyopigwa kwa jina la mfalme Yongle wa China, aliyetawala tangu 1402 hata 1424. Kupokea wageni si jambo geni kwetu. Jioni, joto likipungua, huenda Marafa kutazama Nyari, korongo lililochongwa na mvua katika udongo mwekundu na mweupe. Wazee husimulia kwamba hapo walikaa matajiri waliooga maziwa, Mungu akawadidimiza.

Je, mgeni huyo amekula nini kutwa? Wengine huja na mkate uliofungwa hotelini, kisha hurudi Malindi kula tambi za Waitalia. Tambi ni tamu, sikatai. Lakini wali wa nazi, samaki wa kupaka, sima kwa mchunga, na madafu, vyote viko kwetu. Yafaa viuzwe pale pale Marafa, penye kivuli, sahani zikiwa safi na maji yamechemshwa. Bei iandikwe ubaoni, na kwa Kiitaliano pia, ili mgeni asisite.