Kipima Mvua cha Shule na Daftari Lenye Mapengo

Hotuba ya mratibu wa miradi ya dayosisi kwa walimu wakuu, walimu wa mazingira na kamati za shule, katika mafunzo ya maandalizi ya msimu wa kilimo

 

Tumeombwa tueleze jinsi shule inavyoweza kutengeneza kipima mvua kwa vifaa vinavyopatikana kijijini. Tutafanya hivyo. Lakini tunaomba pia tukiri kosa moja tulilolifanya sisi wenyewe wa ofisi ya miradi. Tukiwafundisha kukata chupa na tukanyamaza juu ya kosa hilo, tutakuwa tumewafundisha nusu tu.

Kwa nini tupime mvua?

Mkoa wetu wa Dodoma hupata kwa wastani kati ya milimita 550 na 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Zao la mahindi huhitaji milimita 500 hadi 800 kwa msimu. Mtaona wenyewe kwamba mkulima wa mahindi katika mkoa huu hana akiba ya maji. Ukavu wa wiki tatu katikati ya msimu unaweza kuondoa chakula cha mwaka mzima.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu, nasi tunawahimiza muusikilize. Hata hivyo, utabiri wa mkoa hauwezi kutuambia shamba lililo nyuma ya shule limepata kiasi gani jana usiku. Mvua zetu za ngurumo huchagua. Hunyesha upande huu wa kilima na kuacha ule. Anayeishi hapo ndiye anayeweza kupima hapo.

Kazi hii si ngeni duniani. Huko Korea, katika enzi za Mfalme Sejong, mwaka 1441 na 1442, vilitengenezwa vipima mvua vya chuma vyenye umbo la mtungi mnyoofu, na maofisa wa mikoani wakaagizwa kupima na kupeleka taarifa. Walitaka kujua hali ya kilimo katika nchi yao. Nasi leo tunataka jambo hilohilo.

Milimita moja ni nini?

Wanafunzi wengi hukariri neno "milimita" bila kulielewa. Tuwaeleze hivi: kama maji yote ya mvua yangebaki juu ya ardhi tambarare, yasizame, yasitiririke wala kukauka, kina chake ndicho kipimo cha mvua. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji kamili.

Hapo hesabu inakuwa na faida. Chukueni paa la madarasa mawili, urefu mita 20 na upana mita 8. Hiyo ni mita za mraba 160. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake ni lita 1,600. Tukiondoa sehemu ya tano inayopotea kwa kuruka na kuvuja, zinabaki lita 1,280. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo hatahitaji kuhubiriwa kwa nini shule iweke mifereji na tangi.

Namna ya kutengeneza

Vifaa ni hivi: chupa mbili za plastiki za maji za lita moja na nusu, kisu chenye makali, rula, kalamu ya wino usiofutika, saruji kidogo na mchanga, na debe moja kuukuu.

Kwanza, chagueni chupa yenye kuta zilizonyooka. Chupa yenye kiuno au mikunjo mingi haifai, kwa sababu maji yaleyale yatapanda haraka panapobana na polepole panapotanuka.

Pili, kateni chupa chini kidogo ya mabega, pale inapoanza kunyooka. Mwalimu mwenyewe ashike kisu. Ondoeni kifuniko, kisha geuzeni kipande cha juu na kukiingiza ndani ya kile cha chini, shingo ikitazama chini, kama faneli. Kingo za vipande viwili ziwe sawasawa. Faneli hiyo inapunguza maji kukauka na kuzuia matone kuruka nje.

Tatu, kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo rula ikianzia hapo itadanganya. Wengine hutia kokoto na maji hadi kwenye mstari wa sifuri, lakini maji hayo hukauka kwa jua na sifuri inashuka. Sisi tumeona ni bora kumimina saruji iliyochanganywa na mchanga hadi mabonde yafunikwe, kuisawazisha na kuiacha ikauke vizuri. Uso wa saruji ndio sifuri yenu.

Nne, chorani mistari ya kila milimita kuanzia usoni pa saruji kwenda juu, na kila ya tano iwe ndefu zaidi. Kwa kuwa mdomo wa faneli na mwili wa chupa vina upana mmoja, milimita ya rula ni milimita ya mvua. Mkitumia faneli pana juu ya chupa nyembamba, hesabu hiyo haitakuwa kweli tena.

Tano, kihakikini. Chupa yenye kipenyo cha sentimita 9 ina eneo la karibu sentimita za mraba 64. Kwa hiyo, mkilowesha saruji kwanza kisha mkatia mililita 64 za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maji yapande milimita 10. Yakipanda 8 au 12, tafuteni kosa kabla hamjakitundika. Hili ni somo zuri la hisabati kwa darasa la sita na la saba.

Chupa ya pili itengenezwe vilevile na iwe ya akiba.

Mahali pa kukiweka

Kiwekwe penye uwazi. Kama kuna mti au jengo, umbali uwe angalau mara mbili ya urefu wake. Mwembe wa mita 10 uachiwe mita 20. Simamisheni chupa ndani ya debe lililojazwa mchanga ili upepo usiiangushe, mdomo wa chupa ukiwa juu ya ukingo wa debe ili matone yanayogonga debe yasirukie ndani. Zungushieni miiba. Mbuzi hawajui kwamba ni mradi wa elimu. Na tuseme ukweli, wapo pia watoto watakaotia maji humo kwa utani. Dawa ya utani huo ni kuwapa hao hao zamu ya kupima.

Kusoma na kuandika

Vituo vya hali ya hewa nchini hupima mvua ya siku nzima saa 3 asubuhi. Nasi tufuate saa hiyo kila siku, pamoja na Jumamosi na Jumapili. Msomaji ainame hadi jicho liwe sawa na uso wa maji. Maji pembeni mwa chupa hupanda kidogo. Asome pale katikati palipo chini. Aandike kwanza, ndipo amwage. Tumeona mara nyingi mtoto anamwaga, halafu anakimbilia daftari akiwa amekwisha kusahau.

Kosa letu

Ndugu zetu, sasa tuje kwenye lile tulilosema tutalikiri.

Katika msimu wa kwanza wa mradi huu tuligawa madaftari kwa shule zetu, tukatangaza kwamba shule itakayoleta daftari lililojaa bila pengo itapewa mpira na vitabu. Tulidhani tunahimiza bidii. Hatukukumbuka jambo ambalo kila mwalimu hapa analijua: shule hufungwa mwanzoni mwa Desemba na kufunguliwa Januari. Wiki ambazo mvua zinaanza, ambazo ndizo tulizozihitaji kuliko zote, shule hazina mtu.

Januari tulipita kukusanya taarifa. Shule moja ilikuwa na daftari safi, lililojaa kuanzia siku ya kwanza, na Desemba yake ilionyesha mvua nzuri. Wakati huo tulikuwa na mbegu za kukopesha kikundi cha wakulima wa kijiji kile. Swali lilikuwa tulete mahindi au mtama. Mzee mmoja alisimama mkutanoni akasema mvua ya Desemba haikushuka hata chini ya jembe. Tulimjibu kwa heshima, lakini tulimjibu vibaya. Tulifungua daftari tukamsomea namba. Mzee akakaa chini. Tukaleta mahindi.

Februari ukavu ukaingia. Mahindi yakanyauka yakiwa yanatoa mbelewele. Waliopanda mtama kutoka ghalani mwao walivuna kidogo. Waliotusikiliza sisi walivuna mabua, na deni la mbegu lilikuwa mikononi mwao.

Baadaye tulikaa na daftari lile tukalisoma upya. Kabla ya likizo namba zilikuwa 3, 7, 12, 4. Wakati wa likizo zote ziliishia na 0 au 5: 10, 15, 5, 20. Mvua haijui kuhesabu kwa tano tano. Tulipouliza kwa upole, kiranja wa mazingira alisema ukweli. Chupa ilianguka wiki ya kwanza ya likizo. Shule ilipofunguliwa waliwauliza majirani siku zipi mvua ilinyesha, wakazigeuza kuwa namba, kwa sababu tulitaka daftari lisilo na pengo.

Watoto wale hawakuwa waongo kwa asili. Sisi ndio tuliweka zawadi juu ya ukurasa uliojaa, na wao wakatupa tulichokilipia. Maandiko hukemea mizani ya udanganyifu sokoni; sisi tulikuwa tumejenga mizani hiyo bila kujua. Tulirudi kijijini, tukaomba radhi mkutanoni, tukafuta deni la mbegu. Yule mzee alitujibu kwa maneno machache tu: kwamba siku nyingine tulete daftari na jembe pamoja.

Tunachowaomba

Kwanza, tofautisheni sifuri na pengo. Mvua isiponyesha, andikeni 0. Sifuri ni habari kamili. Sifuri kumi mfululizo ndizo zinazotuonyesha ukavu. Lakini siku ambayo hakuna aliyepima, andikeni HP, yaani "haikupimwa". Msiandike 0, wala msikisie. Kama hamkupima siku tatu na maji yako ndani ya chupa, andikeni kiasi mlichokikuta na mseme "jumla ya siku 3". Taarifa hiyo bado ina manufaa.

Pili, pangeni zamu ya likizo kabla shule haijafungwa. Mlinzi wa shule, mwalimu anayeishi karibu, au wanafunzi wawili wa jirani na wazazi wao wanatosha. Majina yabandikwe ofisini na nakala abaki nayo mwenyekiti wa kijiji.

Tatu, andikeni matokeo ubaoni mahali wakulima wanapoweza kuyasoma, siyo ofisini tu. Kanuni moja inayotumika katika kilimo cha kutegemea mvua ni kwamba mwanzo wa kuaminika wa msimu ni pale zinaponyesha takribani milimita 20 ndani ya siku mbili au tatu, bila kufuatiwa na ukavu mrefu. Sehemu ya kwanza chupa itawaonyesha. Sehemu ya pili haiwezi kuitabiri. Kwa hiyo namba hiyo isiwe amri. Ijadiliwe na bwana shamba, ilinganishwe na utabiri, na mtu achukue jembe akachimbe aone unyevu umefika wapi.

Nne, sisi nasi tumebadilika. Zawadi ya daftari lililojaa tumeifuta. Fomu mpya mtakazopewa leo zina nafasi ya HP na nafasi ya kueleza sababu. Tukija kukagua, hatutauliza kwa nini kuna pengo kwa sauti ya kutisha. Tutauliza ili tusaidiane kuliziba msimu ujao kwa kupima, siyo kwa kalamu.

Mtoto anayeandika HP mbele ya mwalimu wake na mbele ya mgeni kutoka ofisini amejifunza jambo zito kuliko kukata chupa. Mpeni pongezi siku hiyo hiyo, mbele ya wenzake.

Mvua ziko karibu. Chupa, saruji na mchanga viko pale nje chini ya mti, na vikundi vimekwisha kupangwa. Karibuni tukaanze kazi.