Moshi wa Trekta ni Dizeli Yako Inayopotea

Ndugu wakulima wa Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui, Nzega na Igunga! Leo sisemi habari ya mbolea wala nafasi ya mistari ya mahindi. Nataka tuzungumze juu ya moshi unaotoka kwenye matrekta, pawatila, maroli ya tumbaku na pikipiki zetu.

Najua yupo anayesema sasa hivi: "Bwana shamba leo kapotea njia. Moshi ni wa viwanda vya Ulaya. Mimi nakodi trekta siku mbili kwa mwaka, hewa ya dunia nitaichafua na nini?" Ndugu yangu, husemi uongo. Sehemu yetu katika uchafu huo ni ndogo sana. Lakini tuanze na mfuko wako, habari ya hewa tutaifikia.

Trekta zima, likilima bila kuzidishiwa mzigo, moshi wake huonekana kwa shida. Likitoa moshi mweusi mzito mfululizo, maana yake dizeli inaingia kwenye injini lakini haipati hewa ya kutosha kuungua yote. Inayobaki hutoka masizi. Dizeli hiyo umeilipia wewe. Na kama ameilipia mwenye trekta, ataidai kwako katika bei ya ekari. Moshi wa buluu ni habari nyingine: hapo injini inakula oili. Na moshi mweupe usiokwisha hata injini ikiwa imeshapata moto, mara nyingi ni dizeli isiyoungua au maji yameingia mahali yasipotakiwa.

Kwetu hapa mchawi wa kwanza ni vumbi. Mnaujua wenyewe udongo wetu wa kichanga ulivyo mwezi wa Oktoba. Chujio la hewa likiziba, injini inakabwa koo. Matrekta mengi ya zamani, na pawatila nyingi, yana chujio la bakuli la oili. Wakati wa vumbi lifungue kila siku kabla ya kazi. Ukikuta oili imegeuka tope, imwage shimoni mbali na kisima, osha bakuli, tia oili mpya hadi kwenye alama, usizidishe. Kama chujio ni la karatasi, likung'ute taratibu, usilioshe kwa petroli, na likichakaa libadilishwe. Wapo madereva wanaolitoa kabisa, eti injini ipumue vizuri. Huko ni kuiua! Mchanga unasaga pistoni na silinda kama jiwe la kusagia mtama, na msimu hauishi kabla injini haijaanza kumeza oili.

Sasa mafuta yenyewe. Neno kuchakachua mnalifahamu. Zamani mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, basi wajanja wakawa wanayachanganya na kuuza yote kwa bei ya dizeli. Mwaka 2010 EWURA ikaanza kusimamia utiaji wa vinasaba katika mafuta ili mchanganyiko ujulikane, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo iondoke. Mafuta ya chupa na madumu ya kando ya njia, hata hivyo, hayana wa kuyasemea. Pampu ya dizeli katika matrekta yetu mengi hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vya kutosha. Pampu inalika polepole, nozeli zinaharibika, moshi unazidi, halafu siku moja trekta linasimama katikati ya shamba. Ikiwa siku hiyo ni Desemba, mvua zetu za msimu mmoja hazimsubiri fundi atoke Tabora mjini na spea. Nunua kituoni, dai risiti.

Na dizeli nzuri ukiiharibu mwenyewe nyumbani, lawama ni yako. Pipa lilazwe kwa mwinamo kidogo, mahali penye kivuli, maji na uchafu vikae upande wa chini, nawe uteke upande wa juu. Likishasogezwa, liache litulie siku nzima. Jaza tangi jioni baada ya kazi, maana tangi tupu hukusanya umande usiku.

Ni vizuri mjue kwamba mafuta ya kituoni ni safi kuliko ya zamani. Petroli yenye risasi iliondoka katika nchi zetu kufikia mwaka 2006. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za kiberiti katika sehemu milioni. Hata hivyo moshi wake si wa kuvuta. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani ya mapafu. Basi watoto wasipandishwe kwenye trela la pawatila mahali ambapo moshi unawajia usoni.

Haya, hewa. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa zaidi ya kilo mbili na nusu za hewa ya ukaa. Msishangae lita isiyofika kilo moja kutoa kilo mbili na nusu. Inachukua oksijeni hewani na kuungana nayo. Kwa hiyo safari moja isiyo na lazima ina uzito wake. Sisi watu wa Unyanyembe kazi ya mizigo si ngeni kwetu. Babu zetu walibeba pembe na vitambaa kati ya hapa na Bagamoyo, karibu miezi mitatu kwa miguu, na hakuna mnyapara aliyeondoa msafara nusu tupu. Leo chama cha msingi kinaita maroli matatu, kila moja na marobota machache! Pangeni siku moja, jazeni roli moja.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Reli mpya ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na kipande cha kutoka Makutupora kuja Tabora kinajengwa. Treni hiyo haitoi moshi njiani. Lakini kutoka stesheni hadi shambani kwako bado ni roli, pawatila na pikipiki, na hizo ziko mikononi mwetu.

Kwa hiyo kabla hamjalipa fedha za kulimiwa msimu huu, mwambieni mwenye trekta afungue chujio mlione, kisha aliwashe mtazame bomba la moshi. Akikataa, tafuteni mwingine mapema, Novemba haiko mbali. Kwaherini.