Kuhifadhi kwa Jicho la Moyo

(Mada iliyotolewa mbele ya walimu na wanafunzi wa madrasa)

Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyemjaalia mwanadamu masikio, macho na moyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi wapenzi, naanza kwa kuungama kosa langu. Nilikuwa na mwanafunzi wa hifdhi aliyenisomea vizuri kila asubuhi, lakini baada ya wiki yote yalikuwa yamempotea. Nikamwita mvivu, na bakora nikaitumia. Siku mzazi wake alipokuja kumwondoa chuoni, ndipo nilipouliza swali nililopasa kuliuliza mwanzo: “Mwanangu, unasomea msahafu upi?” Akanijibu kwamba chuoni anasomea wa Madina wenye mistari 15 kwa ukurasa, nyumbani wa babu yake wenye mistari 13, na msikitini wowote anaoukuta rafuni.

Nikaona haya. Msahafu wa Madina, kwa hati ya Uthman Taha, una kurasa 604, na kila ukurasa humalizikia mwisho wa aya. Mwenye kushikamana na huo mmoja huhifadhi maneno pamoja na mahali pake: aya hii juu kulia, ile chini kushoto. Ulimi unapokwama, jicho la moyo humfungulia ukurasa. Mtoto yule tulikuwa tukimfutia picha moja kwa nyingine kila siku. Tukampa msahafu mmoja asiuache, na hifdhi yake ikatulia.

Ndugu zangu, picha ninayoikusudia ni ile inayochorwa moyoni. Naye Mtume (s.a.w.) alifundisha kwa njia ya kuonesha. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Mas‘ud kwamba alichora mraba, na mstari katikati uliotoka nje yake, na vistari vidogo pembeni. Akabainisha kuwa mraba ni ajali iliyomzunguka mtu, mstari unaotoka nje ni matumaini yake, na vistari ni misukosuko. Nani aliyeuona mchoro huo akausahau?

Tuchukue somo la mirathi, linalowaliza wengi. Mafungu yaliyotajwa katika Qur’ani ni sita. Fumba macho uone mikate miwili ya kumimina. Wa kwanza ukate katikati: hiyo ni nusu. Nusu hiyo ikate: ni robo. Robo ikate: ni thumni. Wa pili ugawe vipande vitatu vilivyo sawa. Viwili ni thuluthi mbili, kimoja ni thuluthi, na hicho kimoja ukikikata katikati ni sudusi. Mafungu sita yamekwisha, kwa mikate miwili.

Na wanaosoma skuli wauone moyo wa mwanadamu kama nyumba ya vyumba 4, iliyogawanywa na ukuta usio na mlango. Upande wa kulia, chumba cha juu hupokea damu iliyotoka mwilini, na cha chini huisukuma mapafuni. Hurudi upande wa kushoto: cha juu huipokea, cha chini huisambaza mwili mzima. Atakayetembea vyumba hivyo kwa fikra, hatavichanganya katika mtihani.

Hata hivyo, nawausia mambo matatu. Kwanza, fahamu kabla ya kuchora, kwani picha ya usilolielewa ni pambo tupu. Pili, chora picha yako mwenyewe, maana ya kuazima haikai. Tatu, irejee baada ya siku, baada ya wiki, kisha baada ya mwezi, kwani picha isiyorejewa nayo hufifia.

Nanyi walimu wenzangu, mtoto anaposahau, tumuulize kwanza anaona nini moyoni mwake. Pengine haoni kitu, kwa kuwa sisi hatukumwonesha. Bakora haichori picha yoyote isipokuwa ya bakora yenyewe.

Tunamwomba Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.