Muhula Mmoja Ulaya: Hesabu Hufanywa Kabla ya Kupanda Ndege

Mazungumzo kwa wazazi na wanafunzi wa vyuo vikuu



Siku hizi si ajabu kusikia kwamba mtoto wa fulani, aliye mwaka wa tatu chuoni, amepata nafasi ya kusoma muhula mmoja Ulaya. Jamaa hufurahi, na kabla ya wiki kuisha kamati ya harambee imeshaundwa. Furaha hiyo ni halali. Hata hivyo, kabla ya shilingi ya kwanza kuchangwa, familia inafaa ijue mambo matatu: hii ni safari ya aina gani, nani analipia nini, na masomo hayo yatahesabiwa vipi mwanafunzi akirudi.

Kwanza, aina ya safari. Kwenda kusomea shahada nzima ng'ambo ni jambo moja, na kwenda kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi ni jambo lingine. Anayekwenda kwa shahada nzima huomba nafasi mwenyewe na mara nyingi hujilipia karo. Anayekwenda kwa muhula hubaki mwanafunzi wa chuo chake hapa Kenya. Hutumwa na chuo hicho, na hurudi kukimalizia.

Tofauti hii ina uzito. Mwaka 2023 wazazi katika eneo la Bonde la Ufa waliandamana wakidai fedha walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Canada. Miongoni mwao walikuwapo waliosema wameuza mashamba. Kwa hivyo mtu akija nyumbani akitaka malipo ili "atafute nafasi" ya muhula wa kubadilishana, asilipwe. Nafasi hizo hutokana na mkataba kati ya vyuo viwili, na hutolewa na ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo cha mwanafunzi. Pasipo mkataba huo, hakuna wakala mwenye nafasi ya kuuza.

Pili, gharama. Mpango unaojulikana zaidi ni Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya. Ulianza mwaka 1987 kwa wanafunzi wa Ulaya wenyewe, na sasa vyuo vya nje ya Ulaya, vikiwemo vya Kenya, hushiriki. Chuo kinachompokea mwanafunzi hakiruhusiwi kumtoza karo, ada ya mitihani wala ya maktaba. Kinaweza kumtoza ada ndogo, kama ile ya bima au ya chama cha wanafunzi. Katika awamu ya 2021 hadi 2027, mwanafunzi anayetoka Kenya huwekewa kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, kulingana na gharama ya maisha katika nchi anayokwenda. Nauli nayo hukadiriwa kwa umbali.

Zinaonekana fedha nyingi, lakini chumba, chakula, usafiri na mavazi ya baridi vyote hutoka humo. Aidha, fedha za kwanza zinaweza kuchelewa hadi mwanafunzi afike na kufungua akaunti ya benki. Hapo ndipo mchango wa jamaa una kazi: pasipoti, viza, rehani ya chumba na chakula cha wiki za mwanzo. Wasitarajie naye awatumie pesa. Ujerumani, kwa mfano, mwanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya ana kikomo cha siku 140 nzima za kazi kwa mwaka, au nusu siku 280.

Tatu, na hapa ndipo wengi huumia: masomo yenyewe. Vyuo vya Ulaya hupima kazi ya mwanafunzi kwa krediti. Muhula mmoja ni krediti 30, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, zikiwemo mihadhara, kusoma na mitihani. Kabla ya kusafiri, mwanafunzi, chuo chake na chuo kinachompokea hutia saini mkataba wa masomo. Mkataba huo hutaja kila somo atakalochukua huko na somo litakalohesabiwa badala yake hapa nyumbani. Asiposaini, au akibadilisha masomo huko bila kuurekebisha, anaweza kurudi na matokeo mazuri yasiyotambuliwa.

Kalenda nayo ina mtego. Ujerumani, muhula wa baridi huanza Oktoba na mihadhara hufika Februari, kisha mitihani. Vyuo vingi vya Kenya huanza muhula mwingine Januari. Mwanafunzi anayerudi Machi atakuta wenzake wamefika mbali, na somo linalofundishwa mara moja kwa mwaka likimpita, mahafali yake yanaweza kusogea mwaka mzima. Mwaka huo una gharama: kodi ya chumba, mkopo wa HELB unaosubiri kulipwa, na wadogo wanaongoja zamu yao ya karo. Suala hili lizungumzwe na mkuu wa idara mapema, na makubaliano yaandikwe.

Akifika, kuna taratibu zisizosubiri mtu. Ujerumani hutakiwa kuandikisha anwani yake katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili. Katika vyuo vingi vya huko, kuhudhuria mihadhara hakumpi mwanafunzi ruhusa ya kufanya mtihani. Ni lazima ajisajili kwa kila mtihani kabla ya siku ya mwisho. Matokeo pia husomwa kinyume na yalivyozoeleka hapa: 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, 4.0 ni kufaulu kwa shida, na 5.0 ni kuanguka. Mzazi akiona 1.3 asigombe.

Baridi si hadithi tu. Mwezi wa Desemba mjini Berlin, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Kijana aliyezoea jua la saa kumi na mbili huweza kulemewa na upweke. Simu ya nyumbani mara kwa mara ni msaada mkubwa, na saa za huko ziko nyuma kwa mbili tu wakati huo wa mwaka. Tena hatakosa wa kusema naye: Kiswahili hufundishwa katika vyuo kadhaa vya Ujerumani, vikiwemo Leipzig na Bayreuth.

Kwa hivyo, kabla ya harambee, familia iketi na mwanafunzi na kumwuliza: Barua ya chuo chako iko wapi? Mkataba wa masomo umesainiwa na pande zote tatu? Fedha za kwanza zitafika lini? Ni somo gani litakalokupita, na utalifanya lini? Chuo kitakupa lini matokeo yako uyapeleke kwa msajili?

Akiwa na majibu kwa maandishi, jamaa na wachange kwa moyo mkunjufu. Akiwa hana, aanzie ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chake. Kuuliza huko hakuhitaji wakala.