Soma Kwanza, Ndipo Utie Sahihi

Leo tutazungumza juu ya sahihi, yaani jina lako au dole gumba unaloliweka chini ya karatasi ya mapatano. Nitaanza mbali kidogo, kwa vitabu vya picha nilivyovipenda nilipokuwa mtoto. Usione ajabu, mwishowe utajua vinatufikisha wapi.

Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi bandarini Tanga. Siku moja aliniletea furushi la vitabu vya zamani vya hadithi za picha kutoka Marekani, vyenye habari za Superman. Huyu ni mtu wa kubuniwa, aliyezaliwa katika sayari nyingine akaletwa duniani angali mtoto mchanga. Siku zote huvaa miwani na kufanya kazi gazetini kwa jina la Clark Kent. Ikitokea hatari, hutoka na joho jekundu, akainua magari na kuruka angani, wala risasi hazimpenyi. Nilivisoma vitabu hivyo mpaka majalada yakang'oka.

Mwaka huu nilipokwenda nyumbani Muheza nilivikuta ndani ya sanduku la bati. Nikaketi barazani nikavisoma tena, nikaona jambo ambalo utotoni sikuliona. Katika vile vilivyopigwa chapa kabla ya 1975, hapana majina ya watu waliombuni Superman. Katika vile vya baadaye majina yapo mwanzoni mwa hadithi: Jerry Siegel na Joe Shuster. Kwa nini hapa yapo na pale hayapo?

Habari yenyewe ni hii. Siegel na Shuster walizaliwa mwaka 1914, wakajuana shuleni katika mji wa Cleveland. Siegel alitunga maneno, Shuster akachora picha. Kwa miaka kadha walimpeleka Superman wao kwa wenye magazeti, wakakataliwa huku na huku. Hatimaye, mwezi wa Machi 1938, kampuni moja ya New York ilikubali kurasa 13 kwa dola 10 kila ukurasa. Piga hesabu mwenyewe: ni dola 130. Vijana hao wa miaka 23 walitia sahihi hati iliyosema kwamba haki zote za Superman ni za kampuni, milele.

Kitabu cha kwanza kiliuzwa senti 10. Superman akapendwa mno. Akaingia katika magazeti, katika redio, na katika sinema. Fedha zikamiminika, walakini hazikuwa za waliombuni. Ni kweli walilipwa mshahara kwa kuendelea kuandika na kuchora, ila mali yenyewe haikuwa yao tena. Mwaka 1947 walikwenda mahakamani. Kesi iliisha kwa mapatano mwaka 1948, wakapewa fedha kiasi, na majina yao yakaondolewa vitabuni. Katika uzee wao Siegel alikuwa karani ofisini, na Shuster alikuwa karibu kupofuka. Wachoraji wenzao na waandishi wa magazeti wakapiga kelele, na mwaka 1975 kampuni ikakubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina yao. Mwaka 2024 nakala moja tu ya kitabu kile cha senti 10 iliuzwa mnadani kwa dola 6,000,000.

Basi nilipofika hapo nilikifunga kitabu, kwa kuwa nilikumbuka jambo la kwetu. Nilipokuwa na miaka 14, mfanyabiashara mmoja alikuja kwa baba mdogo kutaka machungwa. Wakapatana kwa maneno kwamba atachuma matunda ya misimu miwili. Yule bwana akatoa karatasi, akaisoma mwenyewe kwa sauti, baba mdogo akaweka dole gumba. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani pale pale, ninasoma habari za Superman. Nilijua kusoma, lakini sikuambiwa niisome, wala sikuomba. Misimu miwili ilipopita tulielezwa kwamba karatasi inasema shamba lenyewe limeuzwa. Tulipolalamika tulionyeshwa dole gumba, na tulikosa la kusema. Baba mdogo hajanilaumu hata siku moja. Lakini mimi ninajua kwamba siku ile nilikuwa na nguvu ambayo mzee wangu hakuwa nayo, nami sikuitumia.

Kwa hiyo, ndugu, shika mambo haya manne. Kwanza, usikubali kuharakishwa. Omba karatasi ulale nayo. Pili, asiyejua kusoma asisomewe na yule yule anayenunua. Atafute mtu wake, hata akiwa mtoto wa shule. Tatu, uliza maana ya maneno mazito: kuuza si kukodisha, matunda si shamba, na "milele" haina mwisho. Nne, daima ubaki na nakala yako, yenye tarehe na majina ya mashahidi.

Nawe mwenye kujua kusoma, usingoje kuitwa. Ukiona mzee ameshikishwa kalamu au wino, inuka useme kwa adabu, "Shikamoo, naomba niisome kwanza." Hilo halihitaji joho jekundu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:
1. Siegel na Shuster walijua kusoma, lakini walitia sahihi. Unadhani ni shida gani iliyowasukuma?
2. Je, wewe umewahi kutia sahihi usichokisoma? Waeleze wenzako.
3. Leteni mkataba mmoja wa kweli, mzee mmoja na kijana mmoja wausome pamoja kwa sauti.