Masomo ya Jamii si Masomo ya Walioshindwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Hatukuja kuwafundisha watu wenye maarifa kupita yetu. Tumekuja kuungama kosa, kisha kuomba tusaidiane lisirudiwe nyumbani kwenu.

Neno letu lahusu masomo ya jamii katika shule za sekondari, yaani Historia, Jiografia, Uraia na Uchumi. Mwajua jinsi yanenwavyo vibarazani petu. Mtoto akichagua Fizikia na Kemia, mzazi huwaita jirani wafurahi naye. Akichagua Historia na Jiografia, mzazi huinamisha kichwa. Watu husema, "Hayo ni masomo ya walioshindwa hesabu." Nasi tulisema hivyo hivyo.

Binti yetu alipomaliza kidato cha nne alitaka kusoma Historia, Jiografia na Uchumi. Tukamkatalia. Tukamchagulia Fizikia, Kemia na Biolojia, tukaona tumetimiza wajibu wa mzazi. Muhula wa kwanza wa kidato cha tano ulipokwisha alirudi amekonda, na alama zake hazikustahili kutajwa. Hakulalamika. Likizo nzima alikaa jikoni kwa bibi yake, daftari magotini, akiuliza na kuandika.

Wakati huo mezani petu ofisini palikuwa na jalada la ugomvi wa shamba. Jamaa mbili za kijiji cha huyo bibi zilidai bonde moja, na kila moja iliapa kuwa ni mali ya wazee wake. Tulisoma karatasi zote tangu ya kwanza hata ya mwisho, tusione chanzo. Siku moja tukalifungua lile daftari. Bibi alikuwa amemweleza mjukuu wake jinsi yeye na jirani zake walivyohamishwa mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji: walivyopakiwa katika lori, wakaiacha miembe yao bondeni, na jinsi watu walioletwa kutoka upande mwingine walivyogawiwa bonde lile lile na uongozi wa kijiji. Ndipo tukafahamu ya kuwa jamaa zote mbili zilisema kweli. Shauri haliamuliwi kwa daftari la mtoto, lakini tangu siku hiyo tulijua ni wazee gani wa kuulizwa, tukawaandikia wahusika.

Basi tulijiuliza: karani wa miaka mingi alishindwaje na jambo aliloliona mtoto? Kumbe sisi tulitafuta chanzo ndani ya karatasi, naye alikwenda kwa mtu aliyeyaona. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya wananchi wa Tanzania Bara walihamishiwa vijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilitungwa mwaka 1999. Lakini asiyejua yaliyotangulia atawezaje kuitumia kwa haki?

Wala mfano si huu mmoja. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mashamba makubwa ya karanga huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Zililetwa trekta, na mafundi, na fedha nyingi. Lakini mvua za Kongwa ni chache tena hazitegemeki, na udongo wake wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu mno. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mamilioni ya pauni yamekwisha potea. Mitambo ilikuwapo, kilichokosekana ni kuijua nchi kabla ya kuilima, na hiyo ndiyo Jiografia.

Hatusemi sayansi iachwe. Hospitali zataka matabibu, na barabara zataka wahandisi. Twasema kila mtoto apewe elimu inayomfaa, wala asiaibishwe kwayo.

Tena yatupasa kukiri kwamba masomo haya hudharauliwa kwa kuwa mara nyingi husomwa vibaya. Mwanafunzi hukariri kwamba Vita vya Maji Maji vilipiganwa tangu 1905 hata 1907, akapata alama yake, asiulize kwa nini watu wa Umatumbi waling'oa pamba. Tena hukariri kwa Kiingereza asichokizoea, akaogopa kuuliza. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walitoka kwenda vijijini kuwahoji wazee juu ya vita hivyo, maana maandiko ya Wajerumani yalinena ya upande mmoja. Hivyo ndivyo Historia ifaavyo kusomwa, hata katika kidato cha kwanza.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya kujaza fomu ya mtoto, tumwulize mwenyewe na kumsikiliza. Pili, kila mwanachama aliye na mzee nyumbani amketishe pamoja na mjukuu, daftari na kalamu. Tatu, chama chetu kitenge siku moja katika kila likizo, vijana wa sekondari waje tuwaonyeshe kazi zetu: jinsi ramani isomwavyo, jinsi bajeti ya wilaya itungwavyo, na jinsi Sensa ya mwaka 2022 ilivyohesabu watu 61,741,120, ili wajue ni shule ngapi na visima vingapi vitafutwe kwa ajili yao.

Mtapenda kujua habari za binti yetu. Tulikwenda shuleni kuomba abadilishiwe masomo, na kwa bahati njema nafasi ilipatikana. Lakini muhula mmoja ulikwisha potea, nao hatuna uwezo wa kumrudishia. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Sisi yetu yamekwisha tufika, na twapenda yenu yasizaliwe.