Mtini na Pikipiki ya Marehemu Baba

Dominika ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka C (Luka 13:1-9)

Wapendwa wasikilizaji, ninyi mlioko majumbani, hospitalini na safarini, Injili ya Dominika hii ina mambo mawili ambayo kwa haraka twaweza kudhani hayahusiani. Kwanza watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa katika kutoa sadaka zao, naye anawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Anawauliza kama wanadhani marehemu hao walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Kisha anawapa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu akitafuta matunda, hakuyaona, anaamuru ukatwe. Mtunza shamba anauombea mwaka mmoja, apate kuuchimbia na kuutilia samadi.

Nimeihubiri Injili hii mara nyingi, na kila mara nilijihesabu upande wa mtunza shamba, kama tufanyavyo mapadre wengi. Leo napenda kuwasimulieni jinsi nilivyotambua kwamba katika nyumba yetu wenyewe mimi ndimi niliyeshika shoka. Habari yenyewe ni ya pikipiki kuukuu.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu na katekista katika milima ya Umatengo, wilaya ya Mbinga, kule ambako wakulima hulima ngoro, wakifukia majani chini ya udongo ili shamba lipate nguvu. Mwaka 1962, kwa fedha za kahawa za misimu miwili, alinunua pikipiki ya mmisionari mmoja aliyekuwa akirejea kwao Ulaya. Ilikuwa BSA Bantam, ya rangi ya kijani iliyopauka, yenye gia tatu na injini ndogo ya sentimita 123 za ujazo. Kwa pikipiki hiyo baba alivifikia vigango ambavyo zamani alivifikia kwa miguu kwa siku nzima.

Baba alipenda kuwaeleza wakatekumeni asili ya chombo kile. BSA ni kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya silaha ndogo za Birmingham. Kampuni hiyo ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki, na nembo yake ilikuwa bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Lakini injini ya Bantam haikubuniwa na Waingereza. Ilibuniwa Ujerumani, katika kiwanda cha DKW mjini Zschopau, kwa ajili ya pikipiki ya RT 125 iliyotoka mwaka 1939. Baada ya vita kuu ya pili, michoro yake ilitolewa kwa washindi kuwa sehemu ya fidia. Waingereza wakaigeuza michoro hiyo kama sura katika kioo, kulia kukawa kushoto, na mwaka 1948 wakaanza kuiunda Bantam. Warusi nao waliunda ya kwao, na hata pikipiki ya kwanza ya Yamaha ya Japani, ya mwaka 1955, ilifuata mfano huohuo. Basi baba alisema kwamba nabii Isaya alipoona panga zikifuliwa kuwa majembe, labda kwa mbali aliziona na bunduki zikigeuka pikipiki ya katekista. Wanateolojia watamsamehe.

Jambo moja yafaa mlielewe ili mfuate habari hii. Injini ya namna ile ni ya mipigo miwili, na oili ya kulainisha pistoni huchanganywa katika petroli yenyewe. Kwa oili za siku zile, karibu sehemu 1 kwa sehemu 20. Ndiyo maana kifuniko cha tangi kina kikombe kidogo cha kupimia. Atakayetia petroli tupu atatembea kitambo, na hataona kasoro. Halafu pistoni itapata moto, itavimba na kung'ang'ania ndani ya silinda.

Usiku mmoja wa mwaka 1974 kaka yangu mkubwa, akiwa na umri wa miaka 17, aliichukua pikipiki bila ruhusa akaenda ngomani kijiji cha pili. Huko alitia petroli, oili hakutia. Katika mlima wa kurudi injini ikafa. Aliisukuma mpaka alfajiri. Asubuhi hiyohiyo akaja mjumbe kutoka kigango cha mbali: mzee mmoja mkatekumeni alikuwa mahututi, naye alimwomba mwalimu aje kumbatiza. Baba akaondoka kwa miguu. Alifika jua linatua. Mzee alikuwa amefariki tangu adhuhuri.

Kanisa lafundisha kwamba katika hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza, hata asiye Mkristo, akiwa na nia ya kutenda lile Kanisa litendalo, kwa maji na kwa maneno ya ubatizo. Lafundisha pia kwamba mkatekumeni anayekufa akiutamani ubatizo, hali akizitubu dhambi zake, hatanyimwa wokovu. Baba aliyajua hayo. Lakini watu wa kigango kile hawakuyajua, kwa kuwa hakuwa amewafundisha, na jambo hilo lilimchoma. Tangu mwaka ule hakupita kigango chochote bila kuwaonyesha akina mama na wazee, kwa kata ya maji, namna ya kubatiza katika hatari.

Kijijini, hata hivyo, mnara wa Siloamu ulikuwa umeanguka, na watu walikuwa wakipima dhambi ya nani ni kubwa. Walisema kijana yule amemfungia mzee mlango wa mbingu. Walisema hivyo kisimani, na wengine walisema mlangoni pa kanisa. Kabla ya mavuno ya kahawa kaka alikwisha kuondoka kwenda Tanga, katika mashamba ya mkonge. Barua zilikuwa chache, kisha zikakoma.

Baba aliisukuma pikipiki hadi ghalani, akaifunika gunia. Hakuzungumza juu yake, wala kaka hakumtaja mbele yetu. Mimi nikauchukua ukimya ule kuwa ni hasira. Nilikua nikiamini kwamba baba amemfuta mwanawe mkubwa, na niliposoma seminarini nilijiona ndiye mtoto aliyebaki. Baba akafariki mwaka 2006.

Mwaka 2009 nilikuwa nyumbani kwa likizo, tukaamua kusafisha ghala. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekuja, mizani imekwisha kutundikwa kwenye tawi la mparachichi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimepatana naye bei ya kilo. Ndipo kaka akatokea njiani akiwa na mfuko mmoja. Habari za msiba zilimfikia kwa kuchelewa. Alisalimia, akatazama mizani, akatazama pikipiki.

“Padre, mdogo wangu,” akasema, “niachie hii mwaka mmoja. Nikishindwa, nitaibeba mwenyewe mpaka kwenye mizani.”

Nilimjibu neno ambalo nimeliungama. Nilimwambia, “Kaka, umechelewa miaka 35.”

Mama alikuwa ameketi barazani. Hakuinua sauti. “Mwacheni mwanangu,” akasema. Mnunuzi akashusha mizani yake.

Kaka alianza kazi katika banda la nyuma. Huko Tanga alikuwa amejifunza ufundi katika gereji, lakini nadhani kitu alichojifunza zaidi ni subira. Nati iliyoshikwa na kutu hailazimishwi. Ukiilazimisha, kichwa cha bolti hukatika, na tabu huzidi. Aliipaka oili leo, akaigonga kidogo kesho, akaipasha moto keshokutwa. Tangi lilikuwa limeoza ndani. Alilijaza siki, akatia konzi ya nati ndogo, akawa akilitikisa asubuhi na jioni, akimwaga uchafu na kuanza tena. Spoki alizisugua moja moja kwa msasa. Nyaya zilikuwa zimeliwa na panya zote.

Nilipokuja tena, miezi mitatu baadaye, nilikuwa na haraka ya kuona kitu king'aacho. Nikaleta mkebe wa rangi ya kijani. Kaka aliupokea kwa heshima, akauweka rafuni. Akanieleza kwamba kutu iliyopakwa rangi haiachi kula chuma. Hula taratibu, na mwenye chombo hufurahi kwa sababu haioni. Nikanyamaza. Katika kiti cha kitubio nimewahi kupokea maungamo mengi yaliyopakwa rangi, na mengine, Mungu anirehemu, yalikuwa yangu. Makatekista mnaowaandaa watu kwa kitubio katika majuma haya mwaijua kazi hii ya msasa, na mwajua jinsi mtoto na mzee wanavyotamani kuruka kwenye rangi.

Ikafika siku ya kufungua injini. Kaka alikuwa ameandaa gogo la mti mgumu na nyundo ya mbao, kwa maana pistoni iliyokwama miaka 35 katika ghala lenye unyevu huwa imeota pamoja na silinda. Alipoifungua plagi, oili ikachuruzika mkononi mwake. Si nyeusi ya zamani. Ilikuwa bado ina wekundu. Akagonga mara chache, pistoni ikasogea. Ilipotoka ilikuwa na makovu ya moto wa usiku ule, mistari mirefu upande mmoja. Kutu haikuwapo.

Tukatazamana. Mama alikuwa mlangoni na bakuli la uji.

“Baba yenu alikuwa akiingia ghalani kila mwanzo wa mwezi na kikopo cha oili,” akasema. “Nilimwuliza siku moja mbona anapoteza oili kwa kitu kisichotembea. Akaniambia, mwenyewe akirudi asiikute imeoza.”

Kaka akaweka spana chini, akatoka nje, akakaa nyuma ya banda muda mrefu. Mimi nilibaki nikipiga hesabu. Kutoka mwaka 1974 hadi 2006, kila mwezi mara moja, ni zaidi ya mara 380. Kumbe nyumbani mwetu alikuwamo mtunza shamba, akichimba na kutia samadi, nami nilikula naye meza moja nikamdhania ni mwenye shoka.

Wapendwa, sitaki tuipambe habari hii. Oili ya baba haikuitengeneza pikipiki. Makovu yalikuwapo, na silinda ilibidi ipelekwe Songea ikachongwe, iongezwe nusu milimita, na pistoni mpya ya kipimo hicho iagizwe Uingereza, ambako vipuri vya Bantam vingali vinauzwa ingawa uundaji wake ulikoma mwaka 1971. Kaka aliuza ng'ombe wake wa pekee kwa ajili hiyo. Huruma ya baba ilikifanya chombo kiweze kutengenezeka. Kukitengeneza kulikuwa ni kazi ya kaka, na hakuna aliyemwondolea. Ndivyo nionavyo ule mwaka mmoja wa Injili: mtunza shamba hasemi mti u mzima, wala hamwambii bwana wake asahau miaka mitatu. Anaomba nafasi, na papo hapo anaitaja kazi. Tena tazameni kwamba Yesu hatuambii kama mtini ule ulizaa. Wahubiri wengine hufanya haraka kuumaliza mfano kwa kikapu cha tini. Katika Luka kikapu hicho hakimo.

Nawe unayenisikiliza, huenda katika ukoo wenu lipo jina lililofunikwa gunia. Kwaresima hii, kabla hujatundika mizani, uliza kwanza kama hakuna mtu katika nyumba yenu ambaye amekuwa akiingia ghalani kimyakimya kila mwezi. Na kama wewe ndiwe uliyeondoka, usipime ukimya wa nyumbani kwa hofu yako.

Mwaka 2010, baada ya miezi 11, pikipiki iliwaka. Kaka aliipiga teke mara kama 20, ikakohoa, ikatoa moshi wa samawati, watoto wakakimbia, kisha wakarudi. Taa yake hata leo haiwaki sawasawa. Safari yake ya kwanza kaka hakwenda sokoni. Alikwenda kigango kile cha mbali, kwa wajukuu wa marehemu mzee, akapiga magoti mbele ya kaburi akaomba msamaha. Walimpa maji ya kunywa. Walimwonyesha kikanisa walichojenga. Mjukuu mkubwa wa mzee hakumpa mkono.

Kaka sasa ni mzee, lakini kila mwanzo wa mwezi hupima oili kwa kikombe kile cha kwenye kifuniko, hupima mara mbili, huchanganya na petroli, kisha hupanda taratibu kumpelekea katekista wa kigango kile vitabu na mishumaa kutoka parokiani. Kila anapofika huenda kumsalimu yule mjukuu. Kwa miaka mingi hakuitikiwa. Mwezi uliopita, bila kumpa mkono, yule mtu alitoka hadi uani, akaizunguka pikipiki mara moja, akamwuliza kama breki zake zinashika mteremkoni.